Uamuzi Usipimwe kwa Dadu Iliyoanguka

Mwanafunzi wa fasihi anapoulizwa katika mtihani iwapo mhusika fulani alitenda kwa busara, aghalabu hukimbilia ukurasa wa mwisho wa kitabu. Mhusika akiwa amefaulu, basi alikuwa na busara; akiwa ameangamia, basi alikuwa mpumbavu, na papo hapo methali huletwa kutia muhuri: majuto ni mjukuu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jibu la namna hiyo hupata alama zake na mambo yakaishia hapo. Ni nadra kuulizwa mhusika huyo alikuwa na njia ngapi siku alipoamua, kila njia ingemfungulia adui yake milango gani, na ni mingapi kati ya milango hiyo iliyoelekea kwenye maangamizi.

Makala haya yanadai kwamba mazoea hayo ni kasoro ya uhakiki, na kwamba mbinu ya kuiondoa imekuwapo kwa muda mrefu mahali ambapo wahakiki hawakufikiria kuitafuta, yaani kwenye mchezo wa dadu. Mchezo wenyewe ni ule ambao Waajemi huuita nard, Waturuki tavla, Waarabu wa Misri na Sham tawla, na Waingereza bakgamoni. Katika kurasa hizi utaitwa tawla. Wachezaji wake hodari wamejifunza jambo moja ambalo wasomi wa fasihi hawana budi kulizingatia: hatua huchaguliwa, na huhukumiwa, kwa kulinganisha mitupo yote ambayo mpinzani anaweza kuipata, wala si kwa mtupo mmoja alioupata.

Ubao na Hesabu Yake

Tawla huchezwa na watu wawili, kila mmoja akiwa na kete 15, juu ya ubao wenye vituo 24. Wachezaji husafiri kwa pande zinazokinzana, hivi kwamba kituo cha 24 cha mmoja ndicho kituo cha 1 cha mwenzake. Kila mmoja hutupa dadu mbili kwa zamu, akasogeza kete zake kwa idadi ya hatua zilizoonyeshwa. Dadu zikilingana, nambari hiyo huchezwa mara nne. Lengo ni kuzifikisha kete zote katika nyumba, yaani vituo 6 vya mwisho wa safari, kisha kuzitoa ubaoni kabla ya mpinzani kutoa zake. Kituo chenye kete mbili au zaidi za mtu mmoja kimefungwa, na mwenzake hawezi kukikanyaga. Kete iliyosimama pweke haina kinga. Mpinzani akitua juu yake ameila, na sharti ianze safari upya kutoka nje ya ubao.

Mchezaji wa bao la Kiswahili ataiona tofauti mara moja. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na halina dadu. Mwenye macho na subira anaweza kuzifuata kete shimo kwa shimo mpaka zinapolala. Kilichofichika ni nia ya mpinzani tu. Katika tawla, baina ya nia ya mpinzani na ubao hupita dadu. Haitoshi mchezaji kujiuliza mwenzake atataka kucheza nini. Lazima ajiulize kwanza dadu zitamruhusu kucheza nini.

Hapo ndipo hesabu inapoanzia. Dadu mbili zina mitupo 36. Wengi hudhani ni 21, kwa kuwa huhesabu 6 na 4 kuwa kitu kimoja. Ichukuliwe kwamba dadu moja ni nyeupe na nyingine nyekundu. Nyeupe ikionyesha 6 na nyekundu 4, huo ni mtupo mmoja. Nyeupe ikionyesha 4 na nyekundu 6, huo ni mwingine. Jozi za nambari zisizolingana ni 15, na kila moja huja kwa njia mbili. Jozi za nambari zinazolingana ni 6, na kila moja huja kwa njia moja. Ndiyo maana jumla ni 36.

Ichukuliwe tena kwamba kete pweke imesimama hatua 6 mbele ya kete ya mpinzani, na njiani hakuna kituo kilichofungwa. Mitupo 11 ina nambari 6 ndani yake. Mpinzani anaweza pia kufika kwa kujumlisha: 5 na 1 ni mitupo 2, 4 na 2 ni mitupo 2, halafu 3 mbili ni mtupo mmoja na 2 mbili ni mtupo mmoja. Mitupo ya hatari ni 17 kati ya 36. Sasa kete hiyo isogezwe hatua moja tu mbele zaidi, iwe hatua 7 kutoka kwa mpinzani. Hakuna uso wa dadu wenye 7. Yamebaki 6 na 1, 5 na 2, 4 na 3, yaani mitupo 6 tu. Kwa jicho lisilohesabu, kete imesogea kidogo mno. Kwa jicho linalohesabu, hatari imepungua kutoka 17 hadi 6.

Njia Mbili za Mtupo Mmoja

Mchezo unapoanza, kila mchezaji ana kete 2 kwenye kituo chake cha 24, kete 5 kwenye kituo cha 13, kete 3 kwenye kituo cha 8 na kete 5 kwenye kituo cha 6. Mchezaji wa kwanza ametupa 4 na 1. Njia mbili za kuucheza mtupo huu zimejadiliwa kwa miaka mingi. Zote huitumia 4 kuitoa kete moja kituo cha 13 na kuipeleka cha 9. Zinatofautiana kwa ile hatua moja iliyobaki. Njia ya kwanza hushusha kete kutoka kituo cha 6 hadi cha 5. Njia ya pili husogeza kete moja ya nyuma kabisa kutoka kituo cha 24 hadi cha 23.

Njia ya kwanza ina tamaa nzuri. Kituo cha 5 ni miongoni mwa vituo vyenye thamani kubwa katika nyumba, na mchezaji anaweka kete moja hapo akitumaini kuifunika kwa nyingine katika zamu itakayofuata. Lakini kete 2 za mpinzani zimesimama kwenye kituo cha 1, hatua 4 tu nyuma yake. Mitupo 11 ina nambari 4. 3 na 1 huongeza 2. 2 mbili na 1 mbili huongeza moja moja. Hiyo ni mitupo 15. Kete iliyoachwa kituo cha 9 nayo iko hatua 8 mbele ya mpinzani, na huliwa kwa 6 na 2 au 5 na 3, mitupo 4 ambayo haikuwa imehesabiwa. Jumla ni mitupo 19 kati ya 36, ambayo ni zaidi ya nusu. Kete ya kituo cha 5 ikiliwa, mwenyewe amepoteza hatua 20. Ile ya kituo cha 9 ikiliwa, amepoteza 16.

Katika njia ya pili, kete ya kituo cha 9 huliwa kwa 6 na 2, 5 na 3, 4 mbili au 2 mbili, yaani mitupo 6 tu. Ni kweli kwamba kete mbili za nyuma nazo zimeachana na kubaki pweke, na mpinzani ana mitupo mingi ya kuzila. Hata hivyo, kete hizo ziko mwanzoni mwa safari. Ile ya kituo cha 24 ikiliwa hupoteza hatua 1, na ile ya 23 hupoteza 2. Fauka ya hayo, mpinzani akiila mojawapo kwa kete moja, aghalabu huiacha kete yake mwenyewe pweke ndani ya nyumba yake, mbele ya kete inayorudi. Inayoogopesha ni mitupo michache kama 6 na 4, ambayo humwezesha kuila kete ya kituo cha 23 na kukifunga kituo hicho kwa mkupuo mmoja.

Ulinganisho huu una mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba idadi bila uzito ni nusu ya hesabu. Mitupo inayokula kete inaweza kuwa mingi lakini isiumize, au ikawa michache lakini ikabomoa. La pili ni kwamba njia moja haiwezi kupimwa peke yake. Mitupo 19 ya hatari si mingi wala si michache mpaka iwekwe kando ya ile ya njia nyingine.

Mjadala wa njia hizi mbili una historia ya kuvutia. Katika miaka ya 1970 wachezaji wengi mahiri waliipendelea njia ya kwanza. Mapema katika miaka ya 1990, Gerald Tesauro wa kampuni ya IBM aliunda programu iitwayo TD-Gammon, ambayo ilijifunza mchezo kwa kucheza dhidi yake yenyewe. Programu hiyo iliipendelea njia ya pili. Wataalamu waliirudia hali hiyo kwa kompyuta, mchezo ukachezwa hadi mwisho maelfu ya mara kutoka kila upande, na wakakubali kwamba mashine ilikuwa sahihi. Waliotangulia walijua mitupo ni 36. Kosa lao lilikuwa kuupa uzito mno uzuri wa kituo cha 5 kuliko gharama ya kukitamani.

Mshindi Aliyekosea Zaidi

Mwezi Julai 1979, mjini Monte Carlo, programu ya kompyuta iliyoitwa BKG 9.8 ilicheza tawla dhidi ya Luigi Villa wa Italia, aliyekuwa ametoka tu kutwaa ubingwa wa dunia. Mashine ilishinda kwa alama 7 kwa 1. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kompyuta kumshinda bingwa wa dunia katika mchezo wowote wa ubaoni wenye hadhi hiyo, na habari hizo zilienea.

Aliyeiunda programu hiyo, Hans Berliner wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, alifanya jambo ambalo washindi wachache hulifanya. Alirudi nyumbani akaichambua michezo hiyo hatua kwa hatua. Aligundua kwamba Villa karibu kila mara alichagua hatua iliyo bora, ilhali programu yake haikuchagua iliyo bora mara 8 kati ya hali 73 ambazo ilikuwa na hiari. Akaandika waziwazi kwamba dadu ziliipendelea mashine. Bingwa alicheza vizuri zaidi na akashindwa. Mashine ilicheza vibaya zaidi na ikashinda. Anayesoma matokeo peke yake atajifunza kutoka kwa mwalimu asiye sahihi.

Katika fasihi kuna mfano wa kale wa kinyume chake. Zeno, aliyetawala dola ya Rumi ya Mashariki kati ya mwaka 474 na 491, alikuwa akicheza tabula, mchezo unaokaribiana sana na tawla ila ulitumia dadu tatu. Alitupa 2, 5 na 6. Kwa jinsi kete zake zilivyokuwa zimepangwa, hakuwa na njia ya kuucheza mtupo huo isipokuwa kuvibomoa vituo vyake, na zikabaki kete 8 pweke. Katika karne ya 6 mshairi Agathias aliisimulia hali hiyo katika shairi, kwa usahihi uliowawezesha wataalamu wa baadaye kuupanga ubao ule upya. Shairi limemhifadhi mfalme kama mtu aliyeonewa na dadu. Lakini mchezaji wa leo angeuliza swali ambalo shairi halikuliuliza. Dadu tatu zina mitupo 216, na 2, 5 na 6 huja kwa njia 6, ambayo ni mara moja katika 36. Je, katika ile mitupo mingine, ni mingapi ingemwacha salama? Ikiwa ni mingi, Zeno alionewa kweli. Ikiwa ni michache, basi alijijengea maangamizi mapema, na dadu ilikuja tu kuyatangaza.

Swali hilo lina makali pande zote mbili. Linamvua mshindi sifa asiyostahili, na linamnyima mshindwa kisingizio cha bahati mbaya. Aliyeacha mitupo 19 ya hatari ilhali angeweza kuacha 6 hana haki ya kuilaumu dadu inapomwangukia.

Kadari na Kukadiria

Waajemi wa kale waliutazama mchezo huu kama picha ya ulimwengu. Kitabu kimoja cha Kipahlavi husimulia jinsi Wahindi walivyoipelekea Uajemi sataranji iwe fumbo, na jinsi mwenye hekima Wuzurgmihr alivyowajibu kwa nard: ubao ulikuwa ardhi, kete 30 zilikuwa siku na usiku za mwezi, na dadu zilikuwa mzunguko wa mbingu. Ferdowsi naye ameyaingiza masimulizi hayo katika Shahnameh, aliyoikamilisha mwaka 1010. Kwa mtazamo huo, binadamu ni kete na mbingu ndiyo inayotupa.

Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliandikiana barua kuhusu suala lililoonekana dogo: wachezaji wakikatizwa kabla ya mchezo kwisha, dau ligawanywe vipi kwa haki? Jibu lao lilikuwa kwamba si haki kuzitazama alama zilizokwisha kupatikana peke yake. Lazima zihesabiwe njia zote ambazo mchezo ungeweza kuendelea, na kila mmoja apewe kulingana na njia zinazompendelea. Hapo ndipo wanahistoria wengi wa hisabati huanzia kuisimulia nadharia ya uwezekano. Inafaa kukumbukwa kwamba ilizaliwa kutokana na swali la haki.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kwenda Ufaransa kuipata tofauti hiyo, kwa sababu imo katika msamiati wake. Kadari ni yale aliyokwisha kupangiwa mja. Kukadiria ni kupima kwa akili jambo lisilojulikana kwa yakini. Maneno hayo mawili, pamoja na kadiri na kudura, yana asili moja ya Kiarabu. Kinyume cha kukadiria si kujua; ni kubahatisha. Mswahili asemaye kwamba fulani alibahatisha hamsifu, hata kama fulani huyo alipata. Lugha ya kila siku imekwisha kutambua kwamba mtu anaweza kupata bila kustahili. Ni wahakiki wanaosahau.

Pingamizi za Dini na za Kamari

Baadhi ya wasomaji, hasa wale wa pwani, watauliza kwa nini jarida la Kiswahili limepoteza wino kwa ajili ya dadu. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wameukataza mchezo wa nard kwa kutegemea hadithi za Mtume, na ukatazo huo unajulikana na kuheshimiwa katika miji ya mwambao. Makala haya hayaupingi wala hayamwaliki mtu yeyote kushika dadu. Kuichunguza hesabu ya mchezo si kuucheza, kama ambavyo kuhakiki riwaya ya mauaji si kuua.

Tena, hesabu hii ni adui wa kamari kuliko mahubiri mengi. Kamari ya matokeo ya mpira kupitia simu imeenea nchini Kenya tangu katikati ya miaka ya 2010, na wanafunzi wa vyuo hawakusalimika. Mwanafunzi aliyeweka dau la karo akashinda Jumamosi moja hujiona mwerevu, na huo werevu wa kudhaniwa ndio unaomrudisha Jumamosi ifuatayo. Kosa lake ni lile lile la mhakiki wa ukurasa wa mwisho. Aliupima uamuzi kwa dadu iliyoanguka. Angejiuliza ni kwa njia ngapi dau lile lingepotea, na malipo aliyoahidiwa yanalingana vipi na njia hizo, angegundua kwamba mwenye duka la kamari alikwisha kuyapima hayo yote kabla yake na kujiwekea fungu. Alishinda, lakini uamuzi wake ulikuwa mbaya. Mtu asiyeweza kuyasema maneno hayo mawili katika sentensi moja yuko hatarini.

Kinjeketile Mbele ya Adui

Sasa irejelewe fasihi. Katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969 na inayohusu Vita vya Majimaji, shujaa ametiwa mbaroni na Wajerumani. Vita vimeshindwa, maji hayakuzuia risasi. Anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Wanafunzi wengi wanapokihakiki kitendo hicho hugawika makundi mawili: wanaosema ni ukaidi kwa kuwa vita vilikwisha kushindwa, na wanaosema ni ushujaa kwa kuwa uhuru ulikuja baadaye. Makundi hayo mawili yana ugonjwa mmoja. Yote mawili yanahukumu kwa yaliyotokea, moja kwa ya mwaka 1907, jingine kwa ya mwaka 1961. Hakuna kati ya hayo lililokuwa mbele ya macho ya Kinjeketile katika saa ile.

Mbinu ya ubao ingeagiza kuanza kwingine. Njia zilikuwa mbili, kukiri na kukataa. Je, kila njia ilimwachia adui majibu gani? Akikiri, adui anaweza kumwachilia, anaweza kumfunga, anaweza kumnyonga vilevile. Lakini katika majibu yote hayo, adui ameondoka na kitu kimoja mkononi: neno la Kinjeketile mwenyewe la kuwaambia watoto kwamba baba zao walikosea kupigana. Akikataa, adui anaweza kumtesa na kumnyonga, na pengine atafanya hivyo kwa hasira zaidi. Lakini katika majibu yote hayo hakuna hata moja linalompa neno lile. Kinjeketile wa tamthilia analiona jambo hilo na analisema. Anailinganisha mitupo ya mpinzani, na anachagua njia ambayo ndani yake kitu anachokithamini zaidi hakiliwi kwa mtupo wowote. Msomaji anaweza kuukataa uzito aliouweka, akasema kwamba uhai ulikuwa bora kuliko neno. Huo utakuwa ubishi halali, kama ule wa kituo cha 5 na gharama yake. Lakini utakuwa ubishi juu ya uamuzi wenyewe, wala si juu ya kalenda.

Yapo mambo mawili yanayoweza kupingwa hapa. Kwanza, maisha hayana nyuso 6 zenye nafasi sawa, na hakuna awezaye kusema adui wa Kinjeketile alikuwa na majibu mangapi kati ya 36. Ni kweli, na anayezibandika nambari ambapo hazipo anajidanganya. Kinachoazimwa kutoka ubaoni ni utaratibu: kuzitaja njia, kuyaorodhesha majibu ya upande wa pili chini ya kila njia, kuyapa uzito, na kulinganisha. Utaratibu huo hauhitaji nambari. Unahitaji uaminifu wa kuyataja hata majibu ambayo hayakutokea.

Pili, itasemwa kwamba matokeo hayawezi kupuuzwa, kwa sababu watu walikufa, na tanzia bila anguko si tanzia. Hilo nalo ni kweli. Maumivu ya matokeo ni halisi, na mwandishi ana haki ya kuyatumia. Tena matokeo ni ushahidi yanapokuwa mengi. Kompyuta zilizourudia mchezo maelfu ya mara ziliushinda mjadala kwa matokeo. Lakini mhusika wa tamthilia hutupa mara moja tu. Tokeo moja ni ushahidi mdogo mno juu ya akili ya aliyeamua, na mhakiki anayelitegemea hilo peke yake hajahakiki; amesimulia mwisho kwa sauti ya hukumu.

Hitimisho

Wahadhiri wa fasihi wana nafasi ya kulibadilisha jambo hili kwa gharama ndogo. Swali la mtihani linaweza kuacha kuuliza iwapo mhusika alifaulu au alishindwa, likauliza alikuwa na njia zipi, kila njia ilimwachia nani nafasi gani, na je, aliyeyajua aliyoyajua mhusika siku ile angechagua tofauti? Mwanafunzi atalazimika kukisoma kitabu tangu katikati badala ya kuanzia mwisho. Methali zitabaki, lakini zitachaguliwa kwa makini zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta ni methali ya mtu anayetazama mbele, kuelekea majibu yanayoweza kuja. Majuto ni mjukuu ni ya anayegeuka nyuma. Zote ni mali ya Kiswahili, na uhakiki umeitumia mno ya pili ukaisahau ya kwanza.

Dadu itaanguka inavyoanguka, na hakuna mchezaji aliyewahi kuizuia. Kinachobaki mikononi mwake ni mahali alipoziweka kete kabla haijatupwa, na hapo ndipo panapostahili kuhukumiwa.